Akwariamu ya Kwanza Yenye Mimea Mjini Goma: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wageni wanaoketi sebuleni kwangu huanza kwa kulisifu tangi la samaki, na kabla chai haijapoa huwa wamekwisha kuuliza maswali yaleyale: maji ya ziwa yanafaa au hayafai, umeme ukikatika samaki hawafi, na je, mtu anaweza kufuga sambaza? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, na karibu kila mara nimesahau jambo moja ambalo baadaye lilimgharimu mtu samaki wake. Nimeona afadhali niyaandike yote mahali pamoja, kwa kufuata utaratibu wa kazi yenyewe.

Swali la sambaza nalijibu hapahapa ili lisitusumbue mbele. Haiwezekani. Sambaza ni samaki wa maji ya wazi, aliyeletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huogelea kwa makundi makubwa. Ukimshika tu, magamba yanabanduka na anakufa kabla hujafika nyumbani. Tilapia naye asikushawishi, kwa kuwa atafukua mchanga, atakula mimea, kisha atakua kuliko tangi lenyewe.

Mwongozo huu unahusu tangi dogo lililojaa mimea na kukaliwa na samaki wachache, linaloweza kuvumilia siku mbili bila umeme. Kwa mji wetu sioni namna nyingine ya busara kwa anayeanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tayarisha tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, meza au kibanda imara, udongo wa bustani uliochungwa, kama litri nne, mchanga mnene au changarawe ndogo, kama litri tano, mawe machache ya volkano, bidoni mbili za litri 20 zilizo safi, ambazo hazijawahi kubeba mafuta wala sabuni, ndoo moja na mpira mwembamba wa kunyonya maji, ambavyo havitatumika kwa kazi nyingine yoyote, taa ya LED ya wati 9 au 10 yenye mwanga mweupe, kipimajoto, kijavu cha kuvulia samaki, siki kidogo, na vidonge vya vitamini C visivyotiwa ladha wala povu. Pampu ndogo ya hewa yenye kichujio cha sifongo ni nzuri ukiipata, lakini tangi hili halitakufa kwa kuikosa.

Kitu cha mwisho ni wiki nne za subira, nacho ndicho kinachokosekana katika nyumba nyingi kuliko kioo.

Hatua ya 1: Tengenezesha tangi

Fundi wa vioo yeyote anayetengeneza madirisha anaweza kukuundia tangi, mradi umpe vipimo mwenyewe. Kwa kioo cha milimita 6, mwambie akate kitako cha sentimita 60 kwa 30, kuta mbili ndefu za 60 kwa 30, na kuta mbili fupi za 28.8 kwa 30, ambazo zitasimama katikati ya zile ndefu. Kingo zote zisuguliwe ili zisikukate mkono.

Angalia silikoni kwa macho yako. Iwe silikoni tupu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu ile inayouzwa kwa ajili ya vyoo na bafu mara nyingi huwa na dawa hiyo, nayo huua samaki polepole bila mtu kujua sababu. Silikoni inayofaa kwa kawaida hunuka siki wakati inapokauka. Liache tangi likauke wiki nzima, kisha ulijaze maji nje ya nyumba na kulilaza hivyo usiku mmoja juu ya magazeti. Gazeti likilowa, tangi litarudi kwa fundi kabla halijaharibu zulia lako.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Tangi hili likijaa maji, udongo na mawe lina uzito unaokaribia kilo 70, yaani kama mfuko mmoja na nusu wa simenti. Meza ya plastiki hailiwezi. Weka chini yake kipande cha lile povu gumu jeupe ambalo televisheni hufungiwa, ili kioo kikalie mahali sawa, na uhakikishe kwa kipimo cha mjenzi kwamba meza haikuinama. Usichague kibanda kirefu chembamba. Waliokuwa hapa baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 wanakumbuka jinsi ardhi ilivyotikisika siku kadhaa mfululizo, na vitu vilivyosimama juu ya miguu myembamba ndivyo vilivyoanguka kwanza.

Mahali pazuri ni karibu na dirisha la mashariki, ambapo jua la asubuhi hugusa kioo kwa muda wa saa moja hivi, halafu kivuli kinafuata. Dirisha la magharibi hulipasha tangi moto mchana na kulijaza ukijani.

Hatua ya 3: Osha mawe na uyapime

Katika mawe, Goma haina upungufu. Jiwe la volkano lenye matundu ni zuri kuliko mengi yanayouzwa kwa bei kubwa ughaibuni, kwa sababu mizizi hulishika na vijidudu vyenye faida hukaa ndani ya matundu yake. Lisugue kwa brashi na maji matupu, lichemshe kwa dakika ishirini ikiwa linaingia sufuriani, na uvunje ncha zilizo kali kama wembe.

Kisha lidondoshee siki. Jiwe la lava halifanyi lolote. Jiwe lililotoka ziwani, hasa lenye gamba jeupe, litatoa mapovu, na hiyo ni alama ya chokaa ambayo itazidi kuyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye madini mengi, kwa hiyo liache lilipokuwa.

Hatua ya 4: Tandika udongo na mchanga

Udongo ndio chakula cha mimea kwa mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo usiuchukue popote. Uchimbe kwenye shamba la migomba lisilopuliziwa dawa, mbali na choo, na usiuchanganye na samadi wala mbolea ya dukani. Uchunge, utie ndoo, ujaze maji, ukoroge, umwage takataka zinazoelea, kisha urudie mara tatu katika siku tatu. Kazi hii inachosha na inachafua, na ndiyo ambayo wengi huiruka. Udongo ambao haukuoshwa humwaga sumu nyingi ya amonia ndani ya maji na kuugeuza mwezi wa kwanza kuwa wa matatizo.

Tandaza udongo huo ukiwa kama uji mzito, kwa kimo cha sentimita mbili na nusu, ukiacha nafasi ya vidole viwili kando ya kioo cha mbele ili usionekane. Juu yake funika mchanga uliooshwa mpaka maji yake yawe maangavu, kwa kimo cha sentimita tatu. Usizidishe. Udongo mzito wa sentimita tano au sita hukosa hewa, huoza na kutoa harufu ya yai viza.

Hatua ya 5: Andaa maji

Hapa ndipo samaki wengi wa Goma hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji yetu, yawe ya bomba au ya kuteka, kwa kiasi kikubwa hutoka Ziwa Kivu, na ziwa hili si la kawaida: maji yake ya juu yana pH (kipimo cha asidi, ambacho 7 ndiyo katikati) inayokaribia 9 na chumvi nyingi za magnesi na bikaboneti. Samaki kama guppi na plati huyavumilia maji magumu, na mimea kadhaa huyapenda. Shida iko kwenye amonia, ile sumu inayotoka katika mavi ya samaki na chakula kilichobaki. Katika maji ya pH 7 chini ya asilimia moja ya amonia huwa katika hali ya sumu kali. Katika pH 9 ni karibu theluthi moja. Ndiyo maana mtu wa mji mwingine anaweza kukosea chakula na samaki wake wakaishi, ilhali kosa lilelile hapa linaua usiku mmoja.

Dawa yake ni kuchanganya: bidoni moja ya maji ya ziwa na bidoni moja ya maji ya mvua, ambazo kwa pamoja zinatosha tangi hili baada ya udongo kuchukua nafasi yake. Usikinge mvua ya mwanzo. Mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo huwa na asidi, na upande wa magharibi wa mlima, kuelekea Rusayo na Sake, maji ya mvua yamekutwa na floridi nyingi. Acha mvua ioshe paa kwa muda wa kutosha, kisha ukinge ile ya baadaye. Asidi iliyobaki itamezwa na maji ya ziwa.

Kisha kuna klorini. Nilipokuwa na tangi langu la pili nilimtuma kijana wa jirani anitekee bidoni moja. Pale ufukweni kulikuwa na mhudumu mwenye bomba la sindano ambaye alitia klorini katika kila bidoni iliyopita mbele yake, jambo jema kabisa kwa sababu ya kipindupindu. Mimi sikuuliza wala sikunusa. Nilimimina nusu ya bidoni asubuhi, na jioni guppi watano walikuwa wanaelea ubavu, matamvua yao yamevimba kama yaliyochomwa. Tangu siku hiyo kila bidoni inayoingia nyumbani kwangu huchukuliwa kuwa ina klorini.

Fanya hivi: mimina maji katika beseni pana, uyaache wazi kwa saa 48 na uyakoroge mara chache kwa siku. Ukiwa na haraka, saga robo ya kidonge cha vitamini C cha miligramu 500, utie katika bidoni ya litri 20, utikise na usubiri nusu saa. Kwa maji yaliyotekwa ziwani bila klorini, saa 48 zina faida nyingine: mabuu ya kichocho yanayoogelea majini hayaishi muda huo yasipompata mtu. Usitie mkono ndani yake kabla ya hapo, na hakikisha hayana konokono.

Hatua ya 6: Panda

Weka mawe kwanza, kisha sahani juu ya mchanga, na umimine maji polepole juu ya sahani hiyo mpaka yafike sentimita kumi. Panda wakati huu, ukiwa bado unaona unachofanya, halafu ujaze tangi, ukiacha sentimita tatu juu.

Kwa maji yetu chagua valisneria, elodea na seratofilamu, ambayo haina mizizi na huachwa ielee. Hii mitatu inaweza kujitafutia kaboni katika bikaboneti, ambayo hapa imejaa tele, kwa hiyo huhitaji mtungi wa gesi wala dawa za chupa. Anubiasi na bolbitisi, ambazo zina ndugu wengi katika mito ya Kongo, hukua taratibu mno lakini hazifi ovyo. Zifunge kwa uzi juu ya jiwe na usifukie shina lake nene, kwani likifukiwa linaoza. Juu ya maji tia lemna kidogo au pistia moja mbili. Gugu maji usilitie.

Kosa la kawaida ni kupanda vishina vitatu vya pambo na kungoja vijaze tangi. Siku ya kwanza mimea ifunike robo tatu ya sakafu. Mmea mwingi ndio kichujio chako, na hauhitaji soketi.

Mimea uliyoitoa ziwani au kwenye dimbwi uichukue ukiwa na glavu, kwa kuwa konokono wa humo ndio wanaobeba kichocho. Ichovye dakika moja na nusu katika sehemu moja ya maji ya javeli (dawa ya klorini ya kufulia) kwa sehemu ishirini za maji, uisuuze vizuri, kisha uilaze katika ndoo kwa wiki mbili na kuondoa kila konokono na kila tone la utelezi lenye mayai.

Hatua ya 7: Subiri wiki nne

Washa taa kwa muda wa saa nane kila siku, si zaidi. Hapa karibu na ikweta mchana una saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo umeme ukikosekana mwanga wa dirisha utaishikilia mimea. Walio na paneli ndogo ya jua na betri wanaweza kutumia balbu ya volti 12.

Katika wiki hizi vijidudu vinazaliana katika mawe na mchanga. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Nadharia yote unayoihitaji ni hiyo. Badilisha robo ya maji kila wiki, ng'oa majani yaliyooza, na usitie samaki hata mmoja, hata kama watoto wanalia.

Hatua ya 8: Ingiza samaki

Mimea ikiwa imetoa majani mapya, na maji yamekuwa maangavu kwa wiki nzima, leta samaki watatu. Nyumba nyingi za Goma ni baridi, maji ya tangi hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 22, kwa hiyo chagua wanaovumilia hali hiyo: plati, danio wenye milia, au guppi. Yule tetra mzuri wa Kongo, ingawa ni wa nchi yetu, hutaka maji laini na yenye joto zaidi. Msifie kwa mbali.

Uache mfuko uelee juu ya maji kwa dakika ishirini, kisha uongeze kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano kwa muda wa saa moja. Mtoe samaki kwa kijavu na umwage maji ya mfuko nje. Baada ya wiki mbili, ikiwa wote wanakula na kuogelea vizuri, ongeza watatu wengine, na hapo ukome. Hesabu za vitabu vya Ulaya zisikudanganye: sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kwa joto lilelile maji yetu hubeba hewa pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita kuliko ya pwani. Guppi wawe madume peke yao, la sivyo jike mmoja atazaa kila baada ya wiki nne hivi na hutakuwa na pa kuwapeleka.

Hatua ya 9: Utunzaji wa kila wiki

Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, na siku moja katika wiki usilishe kabisa. Nyonya robo ya maji kwa mpira, urudishe mchanganyiko uleule ulioandaliwa. Maji yanapopungua kwa kukauka tu, jazia kwa maji ya mvua peke yake, kwa sababu yanayokauka huacha chumvi zake nyuma, na kila ukijazia ya ziwa unaongeza nyingine. Sifongo ya kichujio ikamuliwe ndani ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba.

Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni. Ukitumia hita, ichomoe robo saa kabla ya kupunguza maji. Ikibaki inawaka hewani, kioo chake hupasuka.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele katika wiki ya kwanza.* Ni vijidudu vinavyozaliana. Usiguse kitu, yatajisafisha.

*Utando wa kahawia juu ya kioo na majani.* Ni wa tangi jipya, unafutika kwa kidole na hutoweka wenyewe baada ya wiki kadhaa.

*Maji ya kijani.* Mwanga umezidi au chakula kimezidi, na mara nyingi vyote viwili. Funika dirisha, punguza muda wa taa hadi saa sita kwa siku, ongeza mimea inayoelea.

*Samaki wanahema juu ya maji alfajiri.* Mimea hutumia hewa usiku kama samaki. Ikiwa umeme umekatika na pampu imesimama, chota maji kwa kikombe na uyamimine tena kutoka juu, kwa dakika kumi. Wakiendelea kuhema mchana kweupe, shuku amonia: badilisha theluthi moja ya maji mara moja, acha kulisha siku mbili, na umtafute samaki aliyekufa nyuma ya mawe.

*Umeme umekatika usiku wa baridi.* Lifunge tangi kwa blanketi pande tatu. Usilishe mpaka urudi, na ikiwa kichujio ni cha kufungwa ndani ya kopo na kimesimama zaidi ya saa chache, kisuuze kabla ya kukiwasha, kwa kuwa uchafu uliooza ndani yake utamwagika wote kwa samaki.

*Valisneria imeyeyuka majani baada ya kupandwa.* Inazoea maji mapya. Kata yaliyooza, acha mizizi, itachipua.

*Majani mapya ni manjano, ya zamani yako kijani.* Ni upungufu wa chuma, ambao ni wa kawaida katika maji ya pH ya juu. Tengeneza vidonge vidogo vya udongo mwekundu, vikauke, uvisukume karibu na mizizi.

*Mapovu yanapanda kutoka chini na yananuka.* Choma mchanga taratibu kwa mshikaki hapa na pale, sehemu ndogo kila siku, usichome sakafu yote kwa mara moja.

*Konokono wamejaa kila mahali.* Unalisha kupita kiasi. Punguza chakula, na jioni weka jani la mchicha lililochemshwa. Asubuhi litoe pamoja na waliolikalia.

*Mimea imekuwa mingi mno.* Punguza kila baada ya wiki mbili, na usiitupe ziwani wala mferejini, kwa kuwa mmea wa kigeni ukishaingia Kivu hakuna atakayeutoa. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha uifukie penye migomba ulikochimba udongo.